Kuikamata Mombasa ukiwa Tanga

Mtu wa Tanga akitaka kusikiliza redio ya Mombasa, jambo la kwanza analofanya ni kwenda dukani kuulizia busta. Muuzaji naye hamwangushi. Anamtolea kiboksi chenye taa nyekundu na kumhakikishia kwamba hicho kinavuta hadi Nairobi. Akifika nyumbani anachomeka, taa inawaka, na mikwaruzo inakuwa mikubwa kuliko ilivyokuwa. Busta za namna hiyo nimezikuta zimelala makabatini kwa watu wengi. Makala hii ni yao, na ya yule ambaye bado hajainunua.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Mawimbi ya stesheni ya mbali ama hayajafika kwako, na kama hayajafika hakuna kiboksi kitakachoyazusha. Ama yamefika lakini yanazibwa na bati na kuzamishwa na kelele za umeme wa nyumba yako mwenyewe. Busta hukuza kila inachopewa. Ni kumpa kipaza sauti mtu anayenong'ona katikati ya soko: soko lote linaingia humo pamoja naye. Kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwenye mahali, yaani juu ya paa, uelekeo sahihi, na utulivu wa umeme ndani ya nyumba. Sehemu kubwa ya kazi hiyo haihitaji pesa kabisa.

Ramani kwanza. Kutoka Tanga mjini hadi Mombasa kwa mstari ulionyooka ni kilomita 130 hivi, kaskazini ukiegemea mashariki. Mstari huo unakata bahari mbele ya Moa na Vanga, unapanda nchi kavu karibu na Shimoni, kisha unafuata ukanda wa Msambweni na Ukunda hadi Likoni. Vilima vya Shimba vinabaki kushoto. Hakuna mlima njiani, na hiyo ndiyo bahati yetu. Unguja mjini ni kilomita 120 hivi, karibu kusini kabisa, maji matupu. Chake Chake haizidi kilomita 80 upande wa mashariki, nayo ni rahisi kiasi kwamba hata redio ya kawaida dirishani huikamata. Lakini mtu akiniuliza Moshi au Arusha namwambia aachane nazo: Usambara imesimama hapo magharibi na vilele vya zaidi ya mita 2,000, nyuma yake Upare, na mawimbi ya FM hayana tabia ya kupanda milima na kushuka upande wa pili yakiwa na afya.

FM hutembea kwa mstari, karibu sawa na jicho linavyoona, ila hupinda kidogo kufuata dunia kwa sababu hewa ya chini ni nzito kuliko ya juu. Kuna hesabu moja rahisi ambayo kila mwenye hamu hii aiweke kichwani: chukua urefu wa antena kwa mita kutoka usawa wa bahari, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.12, utapata upeo wake kwa kilomita. Antena ya mita 9 juu ya paa langu inaona kilomita 12 na ushei. Antena ya kurushia matangazo ya mita 100 inaona 41. Jumlisha, ni 53 au 54. Kwa antena yangu hiyo, ili Mombasa na Tanga zionane moja kwa moja ingebidi antena ya Mombasa iwe zaidi ya mita 800 juu ya bahari. Katikati ya njia mgongo wa dunia umeinuka takriban mita 250, hata ukishahesabu kule kupinda.

Basi inafikaje? Kidogo kidogo. Sehemu ya mawimbi hujipinda kwenye ukingo wa upeo, sehemu nyingine hutawanywa na hewa isiyo sawasawa huko juu, na kinachotua kwetu ni mabaki. Mabaki hayo yanatosha kusikika, mradi usiyapoteze mwenyewe katika mita kumi za mwisho.

Kwetu nyumbani shida hii ililetwa na mama mkwe. Mzaliwa wa Likoni, ameishi Tanga miaka mingi, na masikio yake hayajahama. Anataka Pwani FM, 103.1, hasa matangazo ya vifo, kwa sababu nusu ya ukoo iko ng'ambo ya mpaka, na anasema msiba kuusikia kwa kupigiwa simu siku ya tatu ni kudharauliwa. Nilimwekea kwenye simu. Alisikiliza mpaka bando lilipokata, akanirudishia.

"Mwanangu, redio gani hii inayoomba salio?"

"Ni ya intaneti, Mama."

"Basi iache huko huko kwenye intaneti. Mimi nataka ile ya kuzungusha."

Ya kuzungusha ipo. Ni redio ndogo ya betri yenye spika moja, na kwa kazi hii ni chombo bora kuliko sabufa la sebuleni. Wenye sabufa msinikasirikie. Sabufa ni spika nzuri iliyobandikwa kijiredio cha bei ya chini kabisa, na antena yake ni kipande cha waya kinachoning'inia nyuma, hatua moja kutoka kwenye transfoma yake yenyewe. Itapiga stesheni za mjini bila wasiwasi. Ya kilomita 130, hapana.

Nikaanza na kelele. Niliiweka ile redio ndogo sebuleni usiku, kwenye 103.1, mtangazaji akisikika kwa mbali ndani ya mvumo mzito. Nikamwomba kijana wangu azime meni swichi. Giza likaingia, na hapo hapo mvumo ukakatika. Yule mtangazaji akawa anasikika maneno yake, si sauti tu. Hakuna antena iliyoguswa, hakuna kilichonunuliwa. Tukaanza kurudisha umeme chumba kwa chumba. Sebule ikarudi, kimya. Jikoni, kimya. Baraza ilipowaka, mvumo ukarudi wote kwa mkupuo. Ilikuwa balbu moja ya LED ya bei rahisi pale mlangoni. Ndani ya balbu hizo kuna saketi inayokata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na watengenezaji wa zile za bei ya chini huruka kipande cha kuchuja kelele kwa sababu mnunuzi hakioni. Ya pili kupatikana ilikuwa adapta ya king'amuzi, ambayo hunguruma hata king'amuzi kikiwa kimezimwa kwa rimoti.

Fanyeni jaribio hili kabla ya jingine lolote. Redio iwe ya betri, iwe kwenye stesheni dhaifu kabisa, si ile inayopiga vizuri. Washukiwa wakuu ni balbu za LED, chaja za simu, adapta za king'amuzi na za ruta, inveta ya sola, na taa za urembo za kubandika ukutani. Chaja ya asili yake huwa kimya kuliko ile ya kuokoteza. Ukikuta kifaa huwezi kukitupa, kisogeze mbali na redio, au pitisha waya wake mara kadhaa ndani ya pete ya feraiti, kile kidude cheusi kinene unachokiona kwenye waya wa chaja za kompyuta. Na kama meni swichi imezimwa na mvumo haujapungua, basi kelele inatoka kwa jirani au kwenye nguzo ya umeme mtaani, na hapo dawa ni kuipeleka antena mbali na upande huo.

Halafu bati. Nyumba zetu nyingi zimeezekwa bati, madirisha yana grili za nondo, na kuta ni tofali za simenti. Ukiwa chini ya bati, mawimbi yanakufikia kwa kupenya madirishani tu. Ndiyo sababu watu huapa kwamba redio "inashika" pale kwenye dirisha la chumba cha watoto na si kwingineko. Toka nje nayo. Tembea uani, upande unaotazama stesheni na upande wa pili, inua juu, shusha, na usogeze hata nusu mita, kwa sababu mawimbi yanayogonga ukuta au tangi la maji hurudi na kukutana na yale yanayokuja, mahali pengine yakajumlika na mahali pengine yakafutana. Urefu wa wimbi la FM ni mita 3 hivi, kwa hiyo tofauti ya nusu mita si ushirikina. Kama hapo uani, redio ikiwa mkononi, stesheni haisikiki kabisa hata usiku, hali ya antena ya juu si ya matumaini sana. Kama inasikika japo kwa mikwaruzo, kazi imeshakuwa nusu.

Antena ya kwanza kujenga ni dipoli, vipande viwili vya waya vinavyotazamana. Chukua 142.5 gawanya kwa masafa ya stesheni unayoitaka, jibu ni urefu wote kwa mita. Kwa 103.1 ni mita 1.38, yaani kila mkono sentimita 69. Kwa mtu asiyetaka stesheni moja maalumu, mita 1.45 inatosha katikati ya bendi. Mkono mmoja unaungwa kwenye uzi wa katikati wa waya wa dishi, mwingine kwenye wavu wake wa nje. Waya wa dishi wenye maandishi RG6 ubavuni ndio unaofaa, maana katika masafa haya hupoteza desibeli 6 au 7 kwa mita 100, hivyo mita 15 za kushuka kutoka paani hazipotezi cha kusikitikia. Kabla waya haujaanza kushuka, ukunje mizunguko mitano au sita yenye upana wa sahani ndogo, ufunge kwa kamba ya plastiki. Mizunguko hiyo huzuia kelele za ndani ya nyumba kupanda kwa nje ya wavu hadi kwenye antena. Kazi ya kuzima balbu bila mizunguko hiyo ni nusu kazi.

Sasa ilazwe au isimamishwe? Antena za televisheni tumezoea kuziona zimelala, na mafundi wengi hulaza kila kitu. Stesheni nyingi za FM siku hizi hurusha kwa wima, au kwa wima na mlalo pamoja, kwa sababu msikilizaji wao yuko kwenye gari na antena ya gari imesimama. Njia ya kujua ni kuijaribu huku na huku. Kwangu Mombasa ilipanda waziwazi niliposimamisha dipoli, na hapo hapo moja ya stesheni za Unguja ikashuka.

Dipoli iliyosimama husikia pande zote sawa, na hilo ndilo lililonipeleka kwenye Yagi. Hii ni antena ya vijiti vingi iliyobuniwa Japani miaka ya 1920 na Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi, na ndiyo umbo lile lile la antena za zamani za televisheni. Watu huniuliza kwa nini wasitumie hizo zilizobaki mapaani tangu analojia ilipoanza kuzimwa, Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na mikoa mingine baadaye. Chukua futi upime. Vijiti vya antena ya VHF ya televisheni vina sentimita 70 hivi, vya UHF ni vifupi zaidi ya hapo, vinaweza kuwa robo mita. FM inataka karibu mita moja na nusu. Antena fupi hivyo itakupa kitu, kama msumari ungekupa kitu, lakini uelekeo haitakuwa nao.

Vijiti nilivifuata kwa fundi wa madirisha ya aluminiamu, Chumbageni. Nikamwandikia vipimo kwenye karatasi: mita 1.44, mita 1.28, na viwili vya sentimita 69. Akaiangalia karatasi, akaniangalia mimi.

"Kaka, dirisha gani hili?"

"Si dirisha, fundi. Antena ya redio."

"Redio ya wapi, ya meli?"

"Ya Mombasa."

"Aa, si ungesema. Hata mzee wangu alikuwa na mlingoti nyumbani, akitafuta Unguja." Akakata, na akanifyekea ncha zote kwa tupa bila kuombwa.

Mlingoti wa mzee wake una historia yake. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, wakati bara tulisubiri hadi 1994. Katika miaka hiyo ya kusubiri, mwenye seti bara alikuwa hana budi kuinua antena kuelekea kisiwani. Tunayoyafanya leo kwa FM walishayafanya wao kwa picha, kwa boriti na waya bapa.

Mpangilio wa Yagi yangu ni wa vijiti vitatu kwenye ubao mmoja. Nyuma kabisa ni kile kirefu, cha mita 1.44. Sentimita 58 mbele yake ndiyo dipoli yenye waya. Sentimita 58 nyingine mbele, kile kifupi cha mita 1.28, na hicho ndicho kinachoelekea Mombasa. Urefu wa nyuma huakisi, ufupi wa mbele huelekeza. Ukilinganisha na dipoli tupu, nguvu huongezeka kama mara tatu, lakini kwangu faida kubwa iko mgongoni, kwa sababu stesheni zilizo nyuma ya antena hupungua sana. Mji wenye stesheni zake zenye nguvu, hiyo ni nafuu kuliko ongezeko lenyewe. Unaweza hata kuizungusha kwa makusudi ipite uelekeo kamili kidogo, ukapoteza chembe ya Mombasa ila ukaitia stesheni ya jirani kwenye shimo lake la kimya.

Neno moja kwa watakaokata vyao. Ikateni kwa masafa ya juu ya yale mnayoyataka, si ya chini. Yagi iliyokatwa kwa 103 hufanya kazi ya kuridhisha ukishuka hadi 95; iliyokatwa kwa 90 huporomoka ghafla ukipanda. Na kama vijiti vimesimama, mlingoti wa chuma uliosimama sambamba navyo huvuruga kila kitu, kwa hiyo sehemu ya juu ya mlingoti iwe mti. Mimi nilipata boriti ya mkoko kutoka nyumba ya zamani iliyobomolewa Ngamiani. Boriti ile ilikuwa imebeba dari ya udongo tangu enzi za babu zetu, na bado ilikuwa ngumu kiasi cha kuvunja kekee.

Chumvi ndiyo adui wa mwambao. Shaba ya waya ikigusana na aluminiamu kwenye hewa ya bahari, kiungo hugeuka unga mweupe na stesheni hufifia taratibu hata usijue lini ilianza. Tumia bolti za chuma kisichoshika kutu, paka grisi, zungushia utepe wa mpira wa tyubu ya baiskeli, kisha silikoni juu yake. Mdomo wa waya utazame chini, maji yasiingie ndani ya wavu; yakishaingia, waya wote ni wa kutupa. Wakati wa radi chomoa antena, uitoe nje ya nyumba, wala usijidanganye kwamba umeikinga.

Turudi kwenye redio yenyewe, maana antena nzuri huifichua redio mbaya. Stesheni zenye nguvu za mjini zikikaa karibu na ile unayoitaka kwenye bendi, redio ya kawaida hushindwa kuzitenga, kwa kuwa kichujio chake cha ndani ni kipana. Redio zenye chipu ya kidijitali, kama zile ndogo za Tecsun, huchuja kwa wembamba zaidi. Lakini kwa bei, hakuna kinachoshinda redio ya gari iliyotumika. Zile zilitengenezwa zipokee zikiwa mwendoni, kwenye mabonde, katikati ya majengo, na mtengenezaji hakuruhusiwa uzembe. Ifunge kwenye kiboksi cha mbao, ipe betri ya volti 12 yenye sola yake, spika mbili za mlangoni, na uunge waya wa dishi kwenye tundu la antena. Kitufe cha LOC kizime, maana kazi yake ni kuitupa kila stesheni dhaifu. Ukiilisha kwa adapta ya umeme badala ya betri, umejirudishia ile balbu ya baraza.

Na stereo izimeni. Stereo ya FM huongezewa juu ya sauti ya kawaida kwa mawimbi madogo ya ziada, na redio ikijaribu kuyafungua wakati ishara ni dhaifu, inaleta mikwaruzo yote iliyoko huko. Tofauti kati ya stereo na mono hufika karibu desibeli 20, yaani kama mtu aliyekuongezea nguvu ya mtambo mara 100. Hakuna busta ya dukani itakayokupa hicho, nawe unakipata kwa kubonyeza MONO. Redio ya mama mkwe ina spika moja, hivyo kwake mjadala huo haupo, na pengine ndiyo maana alikuwa akiisikia Mombasa kabla ya sisi wenye vyombo vikubwa.

Kisha kuna usiku ambao haya yote hayana maana, kwa sababu Mombasa inaingia hata kwenye sabufa. Watu husema mtambo umeongezwa. Mtambo haujaongezwa, ni hewa. Bahari tulivu, hewa kavu ya joto ikilala juu ya hewa yenye unyevu na ubaridi iliyogusa maji, mpaka kati ya tabaka hizo huyapinda mawimbi yarudi chini badala ya kupotelea angani, nayo husafiri juu ya bahari masafa marefu bila kujali mgongo wa dunia. Nimeyaona zaidi katika malelezi, kipindi kile kusi imekwisha na kaskazi haijashika, upepo umekufa na jioni haina wimbi. Huanza baada ya magharibi, hustawi usiku, na jua likipanda asubuhi na kuichanganya hewa, yamekwisha. Usiku kama huo hata Dar es Salaam, kilomita 190 hivi, husimama imara kabisa.

Usiku huo huo ndio wenye vituko. FM ina tabia ya kuchagua: stesheni mbili zikikutana kwenye masafa mamoja, redio haizichanganyi bali huishika yenye nguvu zaidi na kuifuta nyingine. Hewa ikiyumba, mshindi hubadilika. Unasikiliza mtu anasoma habari, katikati ya sentensi anageuka kuwa mwanamke anayetangaza bei za mabati, sekunde kadhaa baadaye habari zinaendelea. Mama mkwe aliwahi kusikia tangazo la kifo likikatizwa hivyo kabla ya jina la marehemu, akashinda na simu mkononi hadi saa sita akiwapigia wa Likoni mmoja mmoja kuhakikisha wapo.

Kwa sababu hiyo, msiipime antena kwa usiku mmoja mzuri. Pimeni saa nane mchana, jua kali, upepo unavuma. Kinachosikika saa hiyo ndicho chako. Kabla ya Yagi, saa hiyo nilikuwa napata mvumo wenye mtu ndani yake. Sasa napata taarifa ya habari yote yenye mikwaruzo midogo kwenye herufi za "s", na taarabu ambayo mpiga fidla unamtofautisha na mpiga akodiani. Haijafikia usafi wa stesheni za mjini na haitafikia.

Na busta? Ina kazi yake, tena moja: kufidia kinachopotea kwenye waya. Mwenye nyumba ya ghorofa kadhaa na waya wa mita 50, au anayegawa antena moja kwa vyumba vinne, aiweke, lakini iwe juu kwenye mlingoti karibu na antena, ikilishwa umeme kupitia waya huo huo, ikuze ishara kabla haijapotea. Ile ya kuchomeka nyuma ya redio inakuza kilichokwisha haribika. Ukiwa karibu na mnara wa stesheni ya mjini hata ile ya juu itakuletea balaa, kwani ishara kubwa huizidi nguvu, nayo huanza kuzaa stesheni za uongo bendi nzima. Unakuta mtangazaji mmoja yuko sehemu tano.

Limebaki suala la Unguja, ambayo kwangu iko karibu nyuma kabisa ya Yagi inayotazama Mombasa. Nilichofunga ni antena ya pili, iliyolazwa, ikitazama kusini, na swichi ndogo ya kuchagua kati ya hizo mbili. Msiziunganishe mbili kwa kile kigawanyio cha dishi mkidhani mtapata zote kwa pamoja. Kila moja italeta kelele za upande wake kwa mwenzake, na pale stesheni moja inapoingia kwa njia zote mbili, kuna masafa yatakayofutana kabisa. Swichi ya kubonyeza inatosha, iandikwe M na U kwa kalamu ya wino, iwekwe mahali mama mkwe anapofika bila kuinuka.